Kusafiri nje ya nchi wakati wa mlipuko: anzia unakokwenda, urudi nyuma hadi Dodoma

Tarehe 20 Januari 2025, hapa Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan akiwa na Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), Dk. Tedros Adhanom Ghebreyesus, alitangaza kwamba virusi vya Marburg vimethibitishwa mkoani Kagera. Biharamulo, wilaya ya Kagera yenye mlipuko huo, ni mbali na Dodoma, lakini mwenye tiketi mkononi hapimi kilomita. Anachotaka kujua ni kama safari yake bado ipo. WHO ilishauri nchi nyingine zisizuie safari wala biashara na Tanzania, na tarehe 13 Machi mlipuko ukatangazwa kwisha. Safari hiyo tulipona mapema. Mwaka 2020 na 2021 haikuwa hivyo, na hakuna anayeweza kuahidi kwamba mlipuko ujao utafuata mfano wa Marburg na si wa Uviko-19.

Mwongozo huu ni kwa mkazi wa Dodoma au mikoa ya jirani, Singida, Manyara, Iringa, mwenye sababu ya kweli ya kutoka nje ya nchi wakati masharti ya afya yamebana: mwanafunzi aliyepata nafasi, mzazi anayempeleka mtoto India kwa matibabu, mfanyabiashara anayefuata mzigo Guangzhou, dereva wa lori linalokwenda Kigali.

Swali la "hivi kusafiri kunaruhusiwa?" halina jibu moja, kwa sababu safari ina milango minne na kila mlango una mwenyewe: nchi unayotoka, kampuni inayokubeba, nchi unayopitia na nchi unayokwenda. Kuruhusiwa na mmoja hakumfungi mwingine. Watu wengi huanza na mlango wa kwetu kwa kuwa ndio wanaouona, wakishaupita wanadhani wamemaliza. Nakushauri ufanye kinyume.

Hatua ya 1: Tenganisha ushauri na sheria

Mlipuko ukitangazwa, simu hujaa matangazo. Kabla hujaogopa au kufurahi, angalia karatasi yenyewe ni ya aina gani.

Kwetu, juu kabisa ipo Katiba. Ibara ya 17 inampa kila raia uhuru wa kwenda atakako, pamoja na haki ya kutoka nchini na kuingia. Ibara hiyohiyo inaruhusu sheria kupunguza uhuru huo kwa ajili ya maslahi ya umma. Chini yake ipo Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009, ambayo ndiyo inayowapa maofisa wa afya meno ya kupima, kutenga na kuzuia. Kisha zinafuata kanuni na amri zinazochapishwa kwenye Gazeti la Serikali na kupewa namba, na mwisho miongozo ya wasafiri ambayo Wizara ya Afya huitoa kwa namba na tarehe. Wakati wa Uviko-19 miongozo hiyo ilibadilishwa mara kadhaa. Namba 6, ya Mei 2021, ilitaka kipimo cha PCR, yaani kile cha maabara kinachotafuta vinasaba vya virusi, kisichozidi saa 72. Namba 10, ya Machi 2022, ikawaondolea kipimo waliokamilisha chanjo. Mtu aliyekuwa anasoma Namba 6 mwezi Aprili 2022 alikuwa anasoma karatasi halali iliyokwisha kazi.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni ya kizembe lakini inaokoa: usisome tangazo lisilo na tarehe na namba. Picha ya skrini iliyokatwa kichwa na miguu, hata ikiwa na nembo ya Bibi na Bwana, iache.

Nchi nyingine nazo zina ngazi zake. Marekani, kwa mfano, huwapa raia wake ushauri wa safari wa ngazi ya 1 hadi 4. Hata ngazi ya 4 kwa kawaida haimzuii mtu kusafiri. Hata hivyo usiidharau, maana kampuni za bima huutazama ushauri wa namna hiyo zinapoamua kulipa au kukataa.

Na WHO? Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005, zilizoanza kutumika tarehe 15 Juni 2007, zinaitaka nchi inayomzuia msafiri kuingia kwa zaidi ya saa 24 iieleze WHO ndani ya saa 48 sababu zake za kiafya. Ni masharti kati ya nchi na nchi. Usiende nayo kaunta ukitegemea kufunguliwa njia, kwani ofisa aliye mbele yako anasoma agizo la wizara yake tu.

Hatua ya 2: Anza na nchi unayokwenda, na ujue wewe ni kundi gani

Tarehe 18 Mei 2020 Tanzania ilifungua tena anga lake kwa ndege za kimataifa. Kwetu mtu angeweza kutoka bila shida kubwa. Lakini siku mbili kabla, Kenya ilikuwa imefunga mpaka wake na sisi isipokuwa kwa mizigo, na tarehe 22 Januari 2021 Uingereza ikawazuia kuingia wasafiri waliotoka Tanzania, isipokuwa raia na wakazi wake. Mlango wetu wazi, wa wenzetu umefungwa. Ndiyo maana nasema uanzie mwisho wa safari.

Fungua tovuti rasmi ya uhamiaji au ya wizara ya afya ya nchi hiyo na utafute mambo matatu. La kwanza: je, Tanzania imo kwenye orodha ya nchi zilizozuiwa? La pili: je, katazo linahesabu pasipoti au mahali ulipokuwa siku za karibuni? Uingereza ilitazama siku 10 za nyuma: hata Mfaransa aliyetokea Tanzania alinaswa, wakati Mtanzania aliyekuwa amekaa siku za kutosha katika nchi isiyo kwenye orodha aliweza kupita. La tatu: je, kuna makundi yaliyoachwa huru?

Hilo la tatu ndilo linaloamua safari nyingi, na watu hulisoma haraka mno. Katika kila katazo kuna mistari midogo chini inayosema raia, wakazi wa kudumu, wenzi wao, wanafunzi, wagonjwa na wasindikizaji wao, mabaharia, madereva wa mizigo, wanadiplomasia. Tafuta mstari wako. Ukishaupata, usome wanataka uuthibitishe kwa karatasi gani. Mgonjwa atahitaji barua ya hospitali inayompokea, na si ya rufaa ya hapa peke yake. Mwanafunzi atahitaji barua ya chuo inayosema kwamba masomo ni ya darasani na yanaanza tarehe fulani, kwa sababu zipo nchi zilizokataa wanafunzi ambao vyuo vyao vilikuwa vinafundisha kwa mtandao.

Jambo jingine linalowashangaza watu: viza iliyo ndani ya pasipoti si ahadi. Machi 2020 India ilisimamisha karibu viza zote zilizokuwa zimeshatolewa, na kuanzia tarehe 28 mwezi huohuo China ikawazuia kuingia wageni wenye viza halali kabisa. Viza haikuwa na kosa, tarehe zake zilikuwa nzuri, na mtu hakuingia. Ukiwa na viza ya zamani, andikia ubalozi barua pepe na uulize kwa swali moja lililo wazi: "Viza hii, iliyotolewa tarehe hii, bado inakubalika kuingilia leo?" Jibu lao la maandishi lichapishe.

Kwa sisi wa Dodoma kuna usumbufu wake hapa. Wizara ya Afya na Wizara ya Mambo ya Nje ziko Mtumba, Makao Makuu ya Uhamiaji yako hapahapa mjini, lakini balozi nyingi bado ziko Dar es Salaam. Panga maswali yako yote kwa barua pepe kwanza, usipande treni kwenda kuuliza jambo ambalo lingejibiwa kwa mistari miwili.

Hatua ya 3: Kagua kila mahali ndege itakapotua

Kutoka Dodoma hadi Mumbai au Manchester, mara nyingi utapita Doha, Dubai, Addis Ababa, Istanbul au Nairobi. Nchi ya kupitia ina masharti yake, na yanaweza kuwa magumu kuliko ya mwisho wa safari.

Uliza: nitabaki ndani ya eneo la abiria wanaounganisha ndege, au nitalazimika kutoka nje, nichukue begi na kuingia upya? Ukiwa na tiketi mbili tofauti ulizonunua mbalimbali kwa sababu zilikuwa rahisi, huenda ukalazimika kutoka, na kutoka ni kuingia nchi hiyo kisheria. Wakati wa kawaida hilo linakugharimu muda. Wakati wa mlipuko linaweza kukugharimu karantini, au kukataliwa tangu mwanzo wa safari. Nunua tiketi moja yenye namba moja ya uhifadhi hata ikizidi bei kidogo. Na ukae ukijua kwamba kupita nchi iliyo kwenye orodha mbaya, hata kwa saa mbili, kunaweza kukuhesabia kuwa ulikuwa huko.

Homa ya manjano nayo iko hivyohivyo, hata kusipokuwa na mlipuko. Ukirudi nyumbani kutoka nchi yenye hatari ya ugonjwa huo, au ukikaa kwenye kiwanja chake zaidi ya saa 12, Tanzania itakudai cheti.

Hatua ya 4: Jua kampuni ya ndege inaangalia nini

Dada au kaka wa kaunta hakujui wala hana sababu ya kukubania. Anaandika nchi yako, pasipoti yako na njia yako kwenye mfumo unaoitwa Timatic, unaosimamiwa na IATA, chama cha kimataifa cha kampuni za ndege, nao unamwambia karatasi zinazotakiwa. Akikupakia bila karatasi, kampuni yake hupigwa faini na kulazimika kukurudisha kwa gharama zake. Ndiyo maana kaunta huwa kali kuliko uhamiaji wenyewe.

Piga simu kampuni ya ndege siku chache kabla, uombe wakusomee mfumo unavyosema kwa pasipoti ya Tanzania, kutoka Dar es Salaam, kupitia pale, kwenda pale. Andika jina la aliyekusomea na saa. Mawakala wengi wa tiketi hapa mjini hufanya hivyo bila malipo ukinunua kwao, na hiyo ni sababu nzuri ya kununua kwa mtu mwenye ofisi na mlango.

Hatua ya 5: Piga hesabu ya saa

Hapa ndipo safari za watu wa bara huvunjika, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Sharti la kipimo lina maswali manne ndani yake. Kipimo gani, PCR au cha haraka? Saa ngapi, 72, 48 au 24? Zinahesabiwa tangu sampuli ilipochukuliwa au tangu majibu yalipotoka? Na zinahesabiwa kurudi nyuma kutoka lini, kuondoka kwa ndege ya kwanza, kuondoka kwa ndege ya mwisho, au kufika?

Tuchukue mfano. Ndege yako inaondoka Uwanja wa Julius Nyerere Jumamosi saa 17:00, inapita Ghuba, inatua London Jumapili saa 06:00 ya huko, wakati wa baridi. Kwetu hiyo ni Jumapili saa tatu asubuhi. Sharti likisema "saa 72 kabla ya kuondoka", sampuli inaweza kuchukuliwa tangu Jumatano saa kumi na moja jioni. Likisema "saa 72 kabla ya kufika", mapema kabisa ni Alhamisi saa tatu asubuhi. Mtu aliyetoa sampuli Jumatano saa moja usiku yuko salama kwa sharti la kwanza na amekwisha kwa la pili.

Sasa tuendelee na sharti hilo kali. Kutoka Alhamisi saa tatu asubuhi hadi Jumamosi saa nane mchana, unapotakiwa kuwa kaunta, ni saa 53. Ndani yake lazima uweke kutoa sampuli, kusubiri majibu na kufika Dar es Salaam. Katika Uviko-19 vipimo vya wasafiri vilitegemea Maabara ya Taifa ya Afya ya Jamii iliyoko Dar es Salaam, na sampuli ya mkoani ilisafiri kwa barabara kama kilomita 450 kabla haijaguswa. Saa zilikuwa zinaliwa njiani. Kwa hiyo kabla hujatoa sampuli hapa, uliza hospitali: inapimwa hapahapa au inatumwa? Gari linaondoka saa ngapi? Kama inatumwa, tangulia wewe. Treni ya SGR inayofanya safari za Dodoma tangu katikati ya mwaka 2024 imepunguza mwendo huo hadi kama saa nne, na kulala siku mbili kwa ndugu Dar es Salaam ni nafuu kuliko kubadili tiketi ya kimataifa. Usipange kufika na treni ya mwisho inayowahi ndege. Panga ile ya kabla yake.

Kuna mtego mwingine ambao ni wetu sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili. Tiketi ikiandika "Jumapili tarehe 15, saa 00:40", sisi tunaita saa sita na dakika arobaini usiku wa kuamkia Jumapili. Unatakiwa kuwa uwanjani Jumamosi kabla ya saa nne usiku. Anayesoma haraka atakwenda Jumapili jioni, ndege ikiwa imeshafika Ulaya na kugeuza. Andika saa zote za safari kwenye karatasi moja kwa mtindo wa saa 24, pamoja na tarehe, pamoja na muda wa sampuli, halafu mpe mtu mwingine azihesabu upya.

Hatua ya 6: Chanjo na vyeti

Kupata chanjo na cheti chako kukubalika ni mambo mawili. Tanzania ilizindua chanjo ya Uviko-19 tarehe 28 Julai 2021 kwa shehena ya Johnson & Johnson, baadaye zikaja nyingine, ikiwemo Sinopharm ya China. Marekani ilikubali chanjo zote zilizoidhinishwa na WHO. Umoja wa Ulaya haukuwa umeidhinisha Sinopharm, ukaiachia kila nchi iamue yenyewe. Watu wawili waliochanjwa kwenye hema moja pale hospitali ya mkoa, siku moja, wangeweza kupata majibu tofauti kwenye uwanja mmoja wa ndege. Kwa hiyo, panapokuwa na chanjo zaidi ya moja na una safari mbele, uliza aina kabla ya kunyoosha mkono.

Tazama pia muda. Kuanzia Februari 2022, kwa safari za ndani ya Umoja wa Ulaya, cheti cha chanjo za msingi kilihesabiwa siku 270 tu. Mahujaji wanalijua hili kwa chanjo ya homa ya uti wa mgongo: Saudi Arabia huitaka iwe imechomwa angalau siku 10 kabla ya kufika, na cheti kisiwe kimepita miaka yake.

Kadi ya njano, yaani cheti cha homa ya manjano, ina sheria zake zilizoandikwa ndani ya Kanuni za Afya za Kimataifa, na inafaa kuzijua kwa sababu makosa yake ni madogo na yanarudisha watu. Inaanza kufanya kazi siku ya 10 baada ya chanjo. Tangu tarehe 11 Julai 2016 inadumu maisha yote, hata kama kadi yako ya zamani imeandikwa miaka 10. Lazima iwe na saini ya mkono ya mtaalamu wa afya, na mhuri peke yake hautoshi. Kila mtu na kadi yake. Mtoto naye ana yake, mzazi anamsainia. Asiyeweza kuchanjwa kwa sababu za kiafya apewe na daktari barua yenye sababu, kwa Kiingereza au Kifaransa. Nchi unayokwenda itaizingatia, ingawa hailazimiki kukupitisha bila masharti mengine.

Kisha majina. Kitambulisho cha NIDA kina majina matatu, tiketi ina mawili, kadi ya chanjo imeandikwa na muuguzi aliyekuwa na foleni ya watu mia, na mama ameolewa katikati ya hayo yote. Pasipoti ndiyo msingi. Kila karatasi ifuate herufi za pasipoti, tarehe ya kuzaliwa ya pasipoti, na ikiwezekana namba ya pasipoti iandikwe juu ya majibu ya kipimo. Kosa la herufi lirekebishwe pale hospitalini siku hiyohiyo, kwa upole: "Sista, samahani, hapa pasipoti inasema hivi." Usirekebishe mwenyewe kwa kalamu hata kama ni nukta. Karatasi iliyokwaruzwa huonekana ya kughushi.

Pasipoti yenyewe iwe na angalau miezi sita mbele na kurasa tupu. Barua iliyo kwa Kiswahili ipelekwe kutafsiriwa rasmi, na BAKITA, yaani Baraza la Kiswahili la Taifa, wanafanya kazi hiyo. Chapisha kila kitu, simu huzima.

Hatua ya 7: Vishoka

Kila mlipuko huzaa vishoka wake, yaani watu wa kati wasio rasmi. Kishoka atakwambia ana mtu maabara, majibu yanatoka bila kupimwa, kadi ya njano inapatikana bila sindano. Kughushi hati na kuitumia ni makosa mawili tofauti katika Kanuni ya Adhabu, na anayeitumia ni wewe, yeye atakuwa amebadilisha laini. Sheria hiyohiyo inamfanya mhalifu mtu anayefanya kwa uzembe jambo analojua linaweza kusambaza ugonjwa wa hatari kwa maisha. Ukikamatiwa ugenini, utahukumiwa kwa sheria ya huko, na viza za baadaye zitakukumbuka.

Kipimo cha kujilinda ni rahisi: malipo ya serikali yana namba ya kumbukumbu ya malipo na stakabadhi yake. Anayetaka utume pesa kwenye namba yake binafsi, achana naye. Majibu yenye msimbo wa QR yajaribu mwenyewe kwa simu kabla ya kuondoka. Msimbo ukifunguka kwenye ukurasa usio wa serikali au wa hospitali husika, una tatizo, na ni bora ulijue ukiwa Dodoma.

Hatua ya 8: Ukikataliwa kwenye kaunta

Usipaze sauti, kaunta ina watu na kamera. Sema: "Dada, naomba unieleze sharti ninalokosa, na kama inawezekana uniandikie." Ukijua ni sharti lipi, huenda bado una saa mbili za kulitimiza, mathalani fomu ya mtandaoni iliyosahaulika. Ikishindikana, omba wabadili tarehe kabla ndege haijafunga. Abiria asiyetokea bila taarifa anaweza kufutiwa vipande vyote vilivyobaki vya tiketi, hata cha kurudi.

Aliyekuzuia akiwa ni ofisa uhamiaji, lugha ni ileile: "Afande, naomba kujua nimezuiwa kwa kifungu gani." Ana wajibu wa kutenda kwa sheria, na wewe una haki ya kulalamika kwa walio juu yake baadaye. Pale pale uwanjani hutashinda mabishano. Malalamiko dhidi ya kampuni ya ndege yaanzie kwa kampuni yenyewe kwa maandishi, kisha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, ambako kuna baraza la watumiaji wa huduma za anga.

Bima isome kabla ya kuinunua. Tafuta maneno "janga" na "mlipuko" kwenye orodha ya yale wasiyolipa. Mara nyingi yapo.

Ukiwekwa karantini huko

Kanuni za Afya za Kimataifa zinasema msafiri anayetengwa atendewe kwa heshima, apewe chakula, maji, malazi, matibabu na njia ya kuwasiliana na watu wake. Zinasema pia kwamba kwa msafiri wa kawaida, asiyekwenda kuhamia huko, karantini na uchunguzi wa kuingia visitozwe malipo. Huko duniani ilikuwa vingine: Februari 2021 Uingereza ilianza kutoza pauni 1,750 kwa mtu mzima mmoja kwa siku 10 za hoteli, na sisi wenyewe Machi 2020 tuliwaweka wasafiri siku 14 kwa gharama zao. Dai haki yako ya maji na simu, lakini nenda na pesa.

Hupimwi bila ridhaa yako, isipokuwa pale ambapo hatari kwa wengine ni ya karibu. Ukikataa, nao wanaweza kukukatalia kuingia. Kuwa na dawa zako za kila siku za wiki tatu za ziada, kwenye begi la mkononi, pamoja na cheti cha daktari.

Ndege zikisimama ukiwa huko, saa ya viza haisimami yenyewe. Mwaka 2020 nchi nyingi ziliongeza muda kwa wageni waliokwama, ila baadhi zilitaka uombe. Omba kabla viza haijaisha, ambatanisha taarifa ya ndege iliyofutwa, weka risiti ya maombi, na ujiandikishe ubalozi wa Tanzania ulio karibu. Aliyeandikishwa ndiye anayepigiwa simu ndege ya kurudisha watu ikipatikana.

Kurudi nyumbani

Raia hakataliwi kwao. Anaweza kupimwa, kutengwa, kudaiwa fomu, na wakati wa Uviko-19 kulikuwa na fomu ya afya ya msafiri ya kujazwa mtandaoni ndani ya saa 24 kabla ya kufika. Pasipoti ikipotea, ubalozi hutoa hati ya dharura ya safari. Kampuni ya ndege, hata hivyo, inaweza kukudai kipimo kabla ya kukupandisha, kwa hiyo tenga pesa ya kipimo cha kurudi tangu siku unayotenga ya kwenda.

Wanaotoka kwa barabara

Dodoma iko kwenye njia ya malori ya Rwanda, Burundi na Kongo, na kwa madereva mambo huwa tofauti kabisa. Mwaka 2020 mizigo ilipita mipaka iliyofungwa kwa watu, lakini kwa masharti yaliyobadilika ghafla: Rwanda ilitaka madereva wapokezane malori pale Rusumo, na Namanga, mpakani na Kenya, malori yalipanga foleni ndefu kwa sababu ya ubishi wa vipimo kati ya nchi mbili. Dereva ajue cheti chake kinadumu siku ngapi na kama upande wa pili unakitambua. Utingo naye awe na cheti chake, maana orodha ya waliosamehewa mara nyingi humtaja dereva tu. Abiria wa basi haangukii kundi la mizigo hata akipewa lifti kwenye lori, na dereva anayembeba mpakani anaweka rehani leseni na mzigo wa watu. Kabla ya kuacha mizani ya mwisho, piga simu kwa wakala wa forodha wa mpakani umuulize ofisa afya wa zamu anadai nini leo.